Mbwa na Mbwa-mwitu: Jinsi Wayunani Walivyomtafuta Mwanafalsafa wa Kweli

Usiku ulikuwa haujapambazuka mjini Athene, siku ile kijana mmoja wa ukoo wa mali na jaha, jina lake Hippocrates, alipougonga mlango wa Socrates kwa fimbo, kwa kishindo cha mtu aliyefikwa na jambo zito; na mlango ulipofunguliwa akaingia mbio, akapapasa gizani mpaka akakipata kitanda, akaketi miguuni pa mwenyeji wake na kumpa habari iliyomkosesha usingizi, kwamba Protagoras, mtu aliyesifiwa kuwa hodari wa kusema kuliko wote, yumo mjini. Socrates alikuwa na habari hiyo tangu juzi, wala hakuona ndani yake sababu ya kuamshana usiku. Lakini kijana alikuwa tayari kuitoa mali yake yote, na ya rafiki zake pia, ilimradi apate kuwa mwanafunzi wa mgeni yule. Basi wakatoka uani, wakawa wanatembea huku na huko wakingoja kuche, na katika matembezi hayo Socrates akamwuliza swali jepesi: mtu akimlipa tabibu amfundishe, hutaraji kuwa tabibu, na akimlipa mchonga sanamu hutaraji kuwa mchonga sanamu, wewe je, ukimlipa Protagoras, wataraji kuwa nani? Hippocrates alijibu kwamba, kwa kuifuata mifano ile, hana budi kuwa sofisti. Na Plato, aliyetuachia kisa hiki katika kitabu alichokiita kwa jina la Protagoras, anasema kwamba mwanga wa alfajiri ulikuwa umekwisha kuanza kutoka, hata Socrates akaweza kuona jinsi uso wa kijana ulivyomwiva kwa haya.

Haya ile yataka kutazamwa vema. Kijana aliyeitamani elimu kiasi cha kuitolea mali yake yote hakuona fahari kuitwa kwa jina la yule atakayemwuzia elimu hiyo. Alihisi moyoni mwake kwamba iko hekima ya kweli, na kwamba kiko kitu kingine kinachofanana nayo, walakini lau angeulizwa ni kwa alama gani atavitenga viwili hivyo, asingekuwa na la kusema. Wayunani, yaani Wagiriki wa kale, walihangaika na swali hilo kwa muda wa miaka mia sita hivi, wakaweka alama baada ya alama, na kila alama waliyoiweka, mwigaji akajifunza kuivaa.

Jina na asili yake

Neno falsafa limetufikia sisi Waswahili kwa mkono wa Waarabu, nao walilitwaa kwa Wayunani; na katika lugha ya asili maana yake ni mapenzi ya hekima. Unyenyekevu uliojificha ndani ya neno hilo si mdogo, kwa kuwa apendaye kitu na kukitafuta hukiri kwa kutafuta kwake kwamba bado hajakipata. Yasimuliwa kwamba Pythagoras ndiye wa kwanza kujiita hivyo, siku alipoulizwa na Leon, mtawala wa mji wa Phlius, ana ufundi gani hasa. Akajibu kwamba ufundi hana, bali yeye ni mpenda hekima tu, kisha akayafananisha maisha na mkutano mkubwa wa michezo, ambao wengine huuendea kwa ajili ya kushindana na kutafuta taji, wengine kwa ajili ya kuuza na kununua, na wachache, walio bora kuliko wote, kwa ajili ya kutazama.

Jina la sofisti nalo hutokana na shina lilelile la hekima, na hapo mwanzo lilikuwa jina la heshima. Herodotus, mwandishi wa tarehe, alimwita hivyo Solon mtunga sheria, na Pythagoras mwenyewe pia, wala hakukusudia kumtukana yeyote kati yao. Majina haya mawili, basi, yalizaliwa ndugu. Yaliyoyatenga yalikuwa mambo ya Athene katika nusu ya pili ya karne ya tano kabla ya Kristo.

Wauza hekima

Athene ya wakati ule ilikuwa dola ambayo raia wenyewe walikata mashauri yake kwa kura katika mkutano wa wote, na ambayo mtu aliyeshitakiwa, kwa desturi, hakuwa na wakili wa kumsemea, bali alisimama mwenyewe mbele ya mamia ya raia wenzake waliokaa kuhukumu, akajitetea kwa ulimi wake. Katika mji wa namna hiyo ufasaha ulikuwa ngao ya mwenye mali na ngazi ya mwenye tamaa ya ukubwa. Na haja hiyo ilipojulikana, wageni wenye maarifa, ndio walioitwa masofisti, walianza kuingia mjini kuiuza dawa yake. Alikuja Protagoras wa Abdera, aliyefundisha kwamba kipimo cha vitu vyote ni mtu. Mwaka 427 akaja Gorgias kutoka Leontini huko Sisilia, balozi wa mji wake aliyetumwa kuomba msaada wa vita, naye akawatia Waathene mshangao kwa mapambo ya maneno yake. Akaja Prodicus wa kisiwa cha Keos, bingwa wa kupambanua maneno yanayokaribiana maana. Na Hippias wa Elis, ambaye siku moja, kwa majivuno yake mwenyewe, alikwenda Olympia akiwa hana mwilini kitu asichokifanya kwa mikono yake, tangu pete ya kidoleni mpaka viatu vya miguuni.

Watu hawa hawakuwa wajinga, na ni dhuluma kuwahesabu wote kuwa laghai. Lakini elimu yao ilikuwa na bei, na bei hiyo twaijua. Fundi stadi wa siku zile alipata kiasi cha drakma moja kwa kutwa, na drakma mia zilifanya mina moja. Ilhali Evenus wa Paros alimfunza kijana kwa mina tano, yaani ujira wa fundi wa siku mia tano. Hippias alidai kwamba Sisilia peke yake ilimtia mkononi zaidi ya mina mia na hamsini kwa muda mfupi. Prodicus alikuwa na darasa mbili juu ya usahihi wa maneno, moja ya drakma hamsini na moja ya drakma moja. Na Socrates, alipoombwa siku moja atoe rai yake katika jambo hilo, alijibu kwa mzaha kwamba darasa aliyoisikia yeye ni ile ya drakma moja, kwa hiyo asilaumiwe kwa kutoujua ukweli wote.

Wahenga wetu husema kwamba chema chajiuza na kibaya chajitembeza. Lakini onyo alilompa Socrates yule kijana uani lilikwenda ndani kuliko hapo. Sofisti, alisema, ni mfanya biashara wa chakula cha roho, na kama wafanya biashara wote husifu kila kilichomo dukani mwake, bila yeye mwenyewe kujua kipi ni cha afya na kipi ni cha madhara. Naye mnunuzi wa nafaka au mvinyo ana salama moja: hukitia alichokinunua katika chombo chake, akakichukua nyumbani, akamwita ajuaye amwambie kama chaliwa au hakiliwi. Maneno ya elimu hayana kapu. Mtu akilipa thamani yake huyapokea rohoni papo hapo, akaondoka nayo yakiwa yamekwisha kumfaidi au kumdhuru.

Bawabu na mahakama

Kulipokucha, wawili hao walikwenda kwa Callias, tajiri aliyetumia fedha nyingi kwa masofisti kuliko watu wengine wote wa Athene, na ambaye nyumba yake siku hiyo ilijaa wageni hao, Hippias akiwa barazani juu ya kiti na Prodicus akiwa amelala katika chumba kilichokuwa stoo, amegubikwa mablanketi. Walipobisha, bawabu, aliyekwisha kuchoshwa na msururu wa wageni, alifungua, akawatazama, akasema kwa kuchukia kwamba masofisti wengine hawa wamekuja, kisha akaubamiza mlango kwa mikono miwili. Na Socrates akalazimika kumhakikishia kwamba wao si masofisti ndipo akafunguliwa. Ni mzaha wa Plato, lakini ni mzaha wenye uchungu ndani yake, kwa kuwa Plato alipouandika alijua kwamba mji mzima ulikwisha kufanya kosa lile la bawabu, na kwamba safari hiyo mlango haukufunguliwa tena.

Mwaka 423 Aristophanes alicheza mbele ya umma tamthilia yake ya kuchekesha iitwayo Mawingu, ambamo Socrates anaonekana akining'inia ndani ya kapu akilitazama jua, mwenye chuo ambamo vijana hufunzwa kuifanya hoja dhaifu iishinde yenye nguvu ili wapate kuwadhulumu wadai wao. Sifa hiyo ilikuwa ya masofisti. Socrates hakuwa na chuo, wala hakupokea malipo, naye alitembea miguu mitupu akiwauliza watu maswali. Hata hivyo, alipofikishwa mahakamani mwaka 399 kwa shitaka la kutoiheshimu miungu ya mji na kuwaharibu vijana, alisema wazi kwamba washitaki anaowaogopa zaidi ni uvumi huu wa miaka mingi kuliko wale waliosimama mbele yake. Mmoja wa waliosimama mbele yake alikuwa Anytus. Naye Plato, katika kitabu chake cha Meno, anamwonyesha Anytus huyu akiwalaani masofisti kwa ukali mkubwa, na alipoulizwa kama amepata kukaa na hata mmoja wao, akiapa kwamba hajapata, wala hatapata. Mtu aliyemchukia mwigaji bila kumjua ndiye aliyemshitaki asiye mwigaji. Lau kura thelathini tu zingalikwenda upande wa pili, Socrates angalitoka salama; hazikwenda, akanywa sumu.

Alama ya fedha na alama ya ulimi

Wanafunzi wa Socrates waliobaki walikuwa na deni la kuonyesha tofauti ambayo mji haukuiona, na tofauti ya kwanza waliyoishika ni fedha. Xenophon, mmoja wao, amtaja Antiphon sofisti akimcheka Socrates kwamba, maadamu hatozi kitu kwa mazungumzo yake, basi yeye mwenyewe ajua kwamba hayana thamani. Na Socrates akamjibu kwamba hekima ni kama uzuri wa mwili, ambao mtu akiuuza kwa kila mwenye fedha huitwa kwa jina la aibu, na akimpa rafiki mwema kwa mapenzi huhesabiwa kuwa mtu wa heshima. Jawabu ni zuri, ila haliwezi kubeba mzigo wote. Protagoras, ambaye kila mtu alimhesabu kuwa sofisti, alikuwa na kanuni ya uungwana: mwanafunzi asiyeridhika na bei huenda hekaluni, akaapa ni kiasi gani anaona elimu aliyoipata yastahili, akaweka kiasi hicho tu. Na Aristippus wa Kyrene, aliyekuwa katika kundi la Socrates mwenyewe, alitoza ada. Plato naye, mtu wa ukoo mkubwa na mwenye kipato chake, hakuwa na njaa ya kumsukuma kutoza. Kama alama ni fedha, basi kila maskini asiyetoza ni mwanafalsafa, na kila mwalimu alaye kwa kazi yake ni laghai. Nalo jambo hilo hakuna mwenye akili atakayelikubali.

Alama ya pili ilitafutwa katika namna ya kujadiliana, na hapo mambo yalizidi kuwa magumu, kwa sababu ustadi wa Socrates wa kumwuliza mtu maswali mafupi mpaka ajikute anayapinga aliyoyasema mwanzo ulikuwa ndio huohuo ustadi wa masofisti wa daraja ya chini. Katika kitabu cha Euthydemus, Plato anawaleta ndugu wawili wazee, Euthydemus na Dionysodorus, ambao zamani walifundisha kupigana kwa silaha, na mwaka mmoja au miwili tu kabla ya hapo wakajifunza kupigana kwa maneno. Dionysodorus amwuliza kijana Ctesippus: una mbwa? Ninaye, tena mkorofi. Ana watoto? Anao, wakorofi kama yeye. Mbwa huyo, basi, ni baba? Naam. Naye si wako? Ni wangu. Basi, maadamu ni baba na ni wako, mbwa huyo ni baba yako, nawe ni ndugu wa vitoto vya mbwa; na kwa kuwa hukanushi kwamba wampiga, kumbe wampiga baba yako. Wasikilizaji hucheka na kushangilia mpaka, kwa maneno ya Plato, nguzo za jengo nazo zaelekea kufurahi.

Msomaji aweza kucheka pamoja nao, ila na atazame kilichofichika. Ndugu hawa huuliza kama Socrates aulizavyo, humbana mtu kama ambanavyo, na mwisho wake mjibuji huduwaa vilevile. Crito, rafiki mzee wa Socrates, aliyeona aibu ya mambo hayo na ambaye alikuwa akifikiri atawalea vipi wanawe, alikuwa karibu kuikata tamaa falsafa yenyewe. Na shauri alilopewa na Socrates ni hili, kwamba awaache kando wanaojiita wenye falsafa, wema kwa wabaya, ailinganishe na kuijaribu falsafa yenyewe kwa makini, na akiiona ni mbaya amwepushe nayo kila mtu, si wanawe tu, na akiiona ni njema aifuate kwa moyo.

Mpishi mbele ya watoto

Kwa nini basi mwigaji apendwe, na mwenyewe wa asili achukiwe? Jibu la Plato limo katika kitabu cha Gorgias, ambamo ameweka jozi nne za vitu vinavyofanana kwa sura na kutofautiana kwa dhati. Mazoezi huupa mwili afya yake, na mapambo huuiga uzuri wa afya hiyo kwa rangi na nguo. Utabibu huuponya mwili, na upishi wa vitamu hujifanya unajua kimfaacho. Utungaji sheria huitengeneza roho, na usofisti huuiga. Haki huiponya roho, na ufasaha wa majukwaani huiiga haki. Upande mmoja katika kila jozi hutafuta lililo jema, na upande wa pili hutafuta lipendezalo, ukabandika juu yake jina la jema. Na Plato huuita upande huo wa pili kujipendekeza. Kisha atwambia tumfikirie tabibu aliyeshitakiwa na mpishi mbele ya baraza la watoto. Mpishi atasema: enyi watoto, mtu huyu amewakata na kuwachoma, amewanywesha machungu, amewashindisha njaa, na mimi ni nani kwenu ila aliyewakaribisha vitamu vya kila namna? Tabibu akijibu kwamba yote aliyafanya kwa ajili ya afya yao, watoto hao watapiga kelele gani!

Katika kitabu cha Jamhuri aliongeza sura ya pili ya jambo hilo. Wale wenye tabia hasa ya falsafa, alisema, ni wachache, na wengi wao huharibiwa na sifa za umma na mivuto ya ukubwa. Falsafa ikabaki kama binti yatima asiye na wa kumlinda. Hapo hutokea mhunzi mfupi mwenye kipara, aliyefunguliwa minyororo juzi na kupata vijisenti, akaenda hamamuni akaoga, akavaa joho jipya, akajipamba kama bwana harusi, na kumposa binti huyo wa bwana wake kwa sababu ya ufukara na upweke wake. Watoto wa ndoa hiyo watakuwa wa namna gani? Tamathali hii ina ukali wa mtu wa tabaka la juu unaotukera sisi wa leo, kwa kuwa mtumwa aliyepata uhuru wake hana kosa. Lakini ilionyesha jambo la kweli, kwamba uhaba wa wenye haki ya kitu ndio unaowapa waigaji nafasi ya kuketi mahali pake.

Msako

Uzeeni mwake Plato aliamua kumfuata sofisti kama msasi amfuatavyo mnyama, na kitabu kilichozaliwa na msako huo hakina jina jingine ila Sofisti. Kazi yenyewe hakumpa Socrates, bali alimpa mgeni mmoja kutoka Elea, naye mgeni akaanza kwa kujifunza kupanga na kupambanua kwa mfano mdogo wa mvuvi wa ndoana, kisha akaelekeza ufundi huo kwa windo kubwa. Mara sofisti akaonekana kuwa mwindaji wa vijana matajiri. Mara tajiri asafirishaye bidhaa za elimu kutoka mji hadi mji. Mara mchuuzi wa rejareja. Mara muuzaji wa alichokitengeneza mwenyewe. Mara mpiganaji wa mabishano kwa ujira. Windo lenye sura nyingi kiasi hicho, kila ukilifunga kwa kamba hii huponyoka, likataka kamba nyingine.

Ndipo ikaja sura ya sita, nayo ikamstaajabisha mgeni mwenyewe. Wako watu, alisema, ambao huwahoji wengine juu ya yale wanayodhani wanayajua, wakawaonyesha kwamba mawazo yao yanapingana. Na waliohojiwa hukasirika juu ya nafsi zao na kuwa wapole kwa wengine, wakawa kama wagonjwa waliosafishwa tumbo kabla ya kupewa chakula. Hakuna msomaji asiyemtambua Socrates katika maneno hayo. Mgeni akasita kuwaita watu hao masofisti, kwa kuchelea kuwapa masofisti heshima isiyowastahili. Na kijana aliyekuwa akizungumza naye, Theaetetus, alipomwambia kwamba hata hivyo wanafanana, mgeni akajibu kwamba hata mbwa-mwitu hufanana na mbwa, aliye mkali kuliko wote na aliye mpole kuliko wote, na kwamba mtu mwenye hadhari hujilinda zaidi na mfanano kuliko na kitu chochote.

Sura ya mwisho ilikuwa ya mwigaji. Wachonga sanamu kubwa, alieleza, hawafuati vipimo vya kweli, kwa kuwa atazamaye kutoka chini angeyaona maungo ya juu kuwa madogo. Basi huupotosha ukubwa wake ili sanamu ionekane nzuri hapo anaposimama mtazamaji. Sofisti ni fundi wa namna hiyo katika maneno: hupima pale anaposimama msikilizaji, akatengeneza kisichokuwa hekima kikaonekana hekima kutoka hapo. Katikati ya msako huo mgeni alisema jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kito cha kitabu kizima, kwamba wote wawili ni wagumu kuonekana, ila kwa sababu zinazopingana: sofisti hukimbilia katika giza la visivyokuwapo, na macho hayamwoni kwa ajili ya giza, mwanafalsafa hukaa karibu na vilivyopo kweli, na macho ya wengi hayamwoni kwa ajili ya ukali wa mwanga.

Ndevu na joho

Watu wa zama za Plato na waliomfuata hawakupatana naye katika kila jambo. Isocrates, aliyefungua chuo chake Athene karibu na mwaka 390 na kutoza drakma elfu kwa mafunzo, aliandika kuwapinga masofisti, akaiita elimu yake mwenyewe ya kusema na kushauri kuwa ndiyo falsafa. Na mijadala ya kina Plato aliiona kuwa mazoezi ya akili yasiyomfaa raia. Kwa hiyo jina lilikuwa likigombewa na pande zote. Aristotle, mwanafunzi wa Plato, aliyefariki mwaka 322, alilisawazisha jambo hilo kwa utulivu: mwanafalsafa na sofisti huvaa vazi moja na kuyashughulikia mambo yaleyale, alisema, na sofisti ni mtu apataye fedha kwa hekima ionekanayo na isiyokuwepo, kinachowatenga ni chaguo la maisha, yaani lengo ambalo kwalo mtu huyashika hayo anayoyashika.

Karne zilipita, Warumi wakaitawala dunia ile, na falsafa ikawa na heshima, na heshima ikawa na mavazi yake: joho la nguo nzito, fimbo, na ndevu ndefu. Mwaka 176 baada ya Kristo, Kaizari Marcus Aurelius, mwanafalsafa yeye mwenyewe, aliweka mishahara ya walimu wa falsafa huko Athene, na ndevu zikazidi kuwa na sababu ya kufugwa. Yasimuliwa kwamba tajiri Herodes Atticus alijiwa na mtu mwenye joho na ndevu zilizomfika karibu na kiuno akiomba fedha ya mkate. Naye alipoulizwa yeye ni nani, akahamaki kwamba anaulizwa jambo linaloonekana kwa macho. Herodes akamwambia kwamba anaona ndevu na joho, ila mwanafalsafa bado hajamwona, akampa fedha kwa ajili ya ubinadamu.

Aliyewacheka zaidi watu hao ni Lucian, mzaliwa wa Samosata kando ya mto Frati. Katika hadithi yake ya Mvuvi, wanafalsafa wa kweli wa kale wafufuka wakidai kumwua kwa kuwatukana, naye ajitetea kwamba waliotukanwa ni waigaji wao. Kisha mpiga mbiu aita juu ya ngome ya Athene kwamba wanafalsafa wote waje kutoa hesabu ya maisha yao, nao wapanda wachache mno. Mbiu ya pili ikitangaza kwamba kila mwanafalsafa atapewa fedha na mkate wa ufuta, na kwamba mwenye ndevu ndefu ataongezewa tini, mlima wote wajaa watu kama nyuki. Humo pia mna kisa cha mfalme wa Misri aliyewafunza nyani kucheza ngoma, wakacheza kwa madaha ndani ya joho za zambarau, mpaka mtazamaji mmoja mchekeshaji akawatupia kokwa. Hapo wakaisahau ngoma, wakararua mavazi, wakagombea kokwa kwa kelele. Na Epictetus, aliyekuwa mtumwa kabla ya kuwa mwalimu, alimsifu mwenzake Euphrates kwa kinyume cha hayo yote, kwa kuwa alijificha kwa muda mrefu asijulikane kuwa mwanafalsafa, ili apate kuhakikisha kwamba mema ayatendayo hayatendi kwa ajili ya watazamaji.

Elimu hiyo ilipohamia kwa Waarabu, swali lilihamia pamoja nayo. Farabi, aliyefariki mwaka 950, alitenga mwanafalsafa wa kweli na wanafalsafa wa uongo. Na mmoja wa hao wa uongo kwake ni mtu aliyezisoma elimu za nadharia asiizoeze nafsi yake matendo mema, akawa anafuata matamanio yake.

Alama iliyobaki

Mwanzoni mwa kitabu cha Sofisti, Plato aliweka ahadi ya kuwachunguza watu watatu mmoja mmoja: sofisti, mtawala na mwanafalsafa. Kitabu cha sofisti alikiandika, na cha mtawala alikiandika. Cha mwanafalsafa hakukiandika. Mtu atafutaye kipimo hana budi kukiokota katika vitabu vingine, na mimi hukiona katika maneno ambayo Socrates alimwambia Gorgias kabla hawajaendelea kubishana, kwamba yeye ni katika wale wanaofurahi kukosolewa wakisema lisilo kweli, hata kuliko wafurahiavyo kumkosoa mwenzao, kwa kuwa kuopolewa katika uovu ni neema kubwa kuliko kumwopoa mwingine.

Hapo ndipo mbwa hutengana na mbwa-mwitu. Fedha wote wawili huweza kupokea, maswali wote wawili huuliza, joho huwakaa sawasawa. Ila mtu akishindwa katika hoja, hasira yake yaweza kwenda nje kwa aliyemshinda, kama ilivyokwenda ya Anytus, au yaweza kurudi ndani kwa nafsi yake, na kumfanya mpole kwa wengine. Alama hii nayo yaweza kuigwa, lakini kwa taabu, kwa sababu anayeiiga hana budi kukubali kuwa amekosa mbele ya watu aliotaka wamsifu. Kijana Hippocrates hakuwa na elimu yoyote alfajiri ile; alikuwa na uso ulioiva kwa haya, na haya hiyo ilikuwa juu ya nafsi yake. Kitabu cha Protagoras chakwisha bila kutuambia kama alikwenda kulipa.